Askari Mstaafu na Mfuko Wake wa Karatasi



Siku moja, baada ya darasa la kisomo katika kijiji kimoja cha upande wa kaskazini wa kisiwa chetu cha Mafia, tulimkuta mzee mmoja anatungoja nje. Alikuwa amekaa juu ya gogo la mnazi. Mkononi alishika mfuko wa nailoni uliofungwa kwa uzi wa nyavu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Nyinyi ndio walimu wa ngumbaru?"

"Ndio sisi."

"Basi nisomeeni hizi. Kusoma najua, lakini macho yameanza kunitupa. Na lugha hii ya maofisini, hata macho yangekuwa mazima ingenishinda."

Akaufungua mfuko. Ndani mlikuwa na karatasi zilizokunjwa mara nne. Nyingine mchwa walikuwa wamezila pembeni. Moja ilikuwa na muhuri wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Ilisema kuwa mwenye karatasi hiyo aliingia jeshini mwaka 1985, akatumikia kama dereva na fundi wa magari, akaondoka akiwa na cheo cha koplo. Nyingine ilikuwa ni barua kutoka ofisi moja ambayo hatutaitaja. Barua ile ilimtaka apeleke nakala za vyeti fulani katika muda wa siku 30. Tukatazama tarehe. Ilikuwa imepita miaka minne.

Tukanyamaza kidogo.

"Inasemaje?" akauliza mzee.

Tukamweleza. Hakukasirika. Alicheka tu, akasema kuwa alidhani ni barua ya salamu za sikukuu, kwa sababu ililetwa karibu na Idi.

Mzee huyu ni fundi kweli kweli. Mwaka 1987, askari wetu walipokwenda Msumbiji kusaidia kupambana na waasi, yeye alikuwa huko akiendesha lori la jeshi na kulitengeneza mwenyewe njiani. Sasa anafanya kazi chini ya mwembe karibu na nyumba yake. Mashine za boti, pikipiki, jenereta, zote huletwa kwake. Siku moja ilitokea kazi ya kutunza jenereta, kazi ya mshahara wa kila mwezi. Akaenda kuiomba. Wakamwuliza, "Cheti chako kiko wapi?" Akajibu, "Cheti sina. Mikono ninayo." Kazi akapewa kijana mwenye cheti. Hatumlaumu kijana, kwa maana cheti alikitafuta kwa jasho lake. Lakini wiki ya pili kijana yule yule alikuja chini ya mwembe kumwuliza mzee namna ya kufungua pampu ya dizeli.

"Ukamwonyesha?" tukamwuliza.

"Nifanyeje? Nikamwonyesha."

Makala hii tumeiandika kwa sababu ya mfuko ule. Mafia ina watu wengi waliotumikia jeshi. Wako askari wastaafu, wako mgambo wa zamani, wako vijana waliorudi kutoka JKT, na wako wajane wa askari. Wengi wao hawakosi akili wala ujuzi. Wanakosa mtu wa kuwasomea, kuwaandikia, na kuwaambia waanzie mlango gani. Wewe unayesoma gazeti hili unaweza kuwa mtu huyo.

VITA SI JAMBO GENI KWETU

Kisiwa chetu ni kidogo, lakini vita vimekifikia mara nyingi. Januari 1915 Waingereza walikiteka kutoka kwa Wajerumani. Ndege zao ziliruka kutoka hapa Mafia kwenda kuitafuta manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji. Julai mwaka huo huo manowari hiyo iliangamizwa. Katika Vita Kuu ya Pili vijana wa Tanganyika waliingizwa katika jeshi la King's African Rifles, lile ambalo wazee waliliita Keya. Wengine walifika mpaka Burma, mbali kuliko India.

Halafu ikaja vita ya Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuteka ardhi yetu ya kaskazini ya mto Kagera. Novemba 2, 1978, Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kuwa tutampiga. Wanajeshi, mgambo, vijana wa JKT, polisi na magereza, wote waliitwa. Aprili 1979 Kampala ikatwaliwa. Kutoka Kilindoni hadi Mutukula ni zaidi ya kilomita 1,000, na mtu aliyezoea ngalawa na pepo za kusi akajikuta katika migomba na baridi ya Kagera.

Hapa tuongeze jambo moja ambalo sisi wa elimu ya watu wazima hatuchoki kulisema. Mwishoni mwa mwaka 1970 Mwalimu Nyerere alichagua wilaya sita za kufuta ujinga wa kutojua kusoma katika mwaka 1971. Mafia ilikuwa moja ya wilaya hizo sita. Kwa hiyo kijana wa Mafia aliyeitwa vitani mwaka 1978 alitoka katika kisiwa ambacho baba na mama zake walikwisha kukaa darasani, wakaandika majina yao chini ya miembe na katika mabanda ya makuti. Haielekei sasa mtoto wa watu hao azeeke na barua ambayo hakuna aliyemsomea.

ASKARI AKIRUDI, NANI HUMPOKEA?

Swali hili si jipya. Watu wengi hawajui kuwa kazi ya ustawi wa jamii katika nchi yetu ilianza kwa sababu ya askari. Mwaka 1946 serikali ya kikoloni ilianzisha huduma hiyo ili kuwapokea askari waliorudi kutoka Vita Kuu ya Pili na kuwasaidia kurudia maisha ya raia. Baadaye ndipo huduma ikapanuka ikawafikia watoto, wazee, walemavu na familia zenye matatizo. Kwa hiyo askari mstaafu anapobisha hodi katika ofisi ya ustawi wa jamii, asione haya. Ofisi hiyo ilianzishwa kwa ajili ya watu kama yeye. Huko Kenya nako, baada ya vita hiyo hiyo, askari waliorudi walipelekwa katika Jeanes School ya Kabete kujifunza ualimu, biashara na kazi za maendeleo.

Marekani walikwenda mbali zaidi. Mwaka 1944 walipitisha sheria ya kumlipia askari aliyerudi vitani gharama za chuo au mafunzo ya kazi. Kufikia mwaka 1956 watu zaidi ya milioni 7 walikuwa wamesoma kwa sheria hiyo. Si wote waliopata sawa. Askari weusi wa majimbo ya kusini walizuiwa kwa ubaguzi, ingawa damu waliyomwaga ilikuwa nyekundu kama ya wenzao. Uganda nayo, tangu mwaka 1992 hadi 1995, ilipunguza jeshi lake kwa askari zaidi ya 30,000, na ikaunda bodi maalumu ya kuwasaidia kurudi vijijini.

Turudi kwetu. Hapa nchini msaada umegawanyika katika ofisi nyingi. Pensheni iko upande mmoja, chuo upande mwingine, matibabu kwingine. Ndiyo maana mtu huzunguka siku tatu Kilindoni, kila ofisi inamwelekeza kwa jirani yake, mwisho akarudi kijijini na kusema, "Serikali haina habari nami." Tumeisikia kauli hiyo mara nyingi. Mara nyingine ina ukweli. Mara nyingine ni kwamba alianzia mlango usio wake.

UJUZI WA JESHINI UNAWEZA KUPATA CHETI

Tuanze na jambo ambalo lingemfaa yule koplo wetu.

Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA, ina mpango unaoitwa kurasimisha ujuzi. Maana yake ni hii. Mtu aliyejifunza ufundi kazini, bila kupita chuoni, hupimwa. Akionekana anaujua ufundi huo, hupewa cheti. Haulizwi, "Ulisoma chuo gani?" Huulizwa, "Unaweza kufanya nini?"

Mpango huu umewahusu mafundi magari, waashi, maseremala, wapishi na mafundi wengine. Sasa fikiri, ndugu msomaji. Jeshini kuna kazi gani? Mna madereva na mafundi magari. Mna wapishi wanaopikia watu mia kwa mara moja. Mna waashi, mafundi umeme, mafundi wa redio, waganga wasaidizi, washona nguo. Watu hawa wakivua magwanda hurudi kijijini na ujuzi wao kichwani, na kijiji huwaita tu "askari mstaafu", kama kwamba walichokijua ni bunduki peke yake.

Upimaji huwa namna hii. Kwanza mtu huomba na kujaza fomu. Huandika kazi alizofanya, kwa miaka mingapi, na wapi. Huleta ushahidi: barua ya mwajiri wa zamani, picha za kazi, au watu wanaomfahamu. Hapo karatasi ya jeshi inayosema "dereva na fundi wa magari" inakuwa mali. Kisha wapimaji humwuliza maswali na kumtazama akifanya kazi. Mtihani huu ni wa mikono na mazungumzo zaidi kuliko wa kalamu. Kama kuna sehemu asiyoijua, huelekezwa akajifunze sehemu hiyo tu, si kuanza upya kama mtoto. Fundi wa malori ya zamani, kwa mfano, huenda akahitaji kujifunza umeme wa magari ya siku hizi.

Ada ipo. Mara nyingine serikali hulipia makundi ya mafundi, mara nyingine mtu hujilipia. Kwa hiyo uliza kwanza kabla hujapanda chombo. Chuo cha VETA cha Mkoa wetu wa Pwani kiko Kibaha. Safari si ndogo: kuvuka hadi Nyamisati, kisha gari mpaka Dar es Salaam, kisha Kibaha. Mtu akienda bila kuuliza siku ya upimaji atatumia nauli mara mbili. Mafundi wa kijiji kimoja au viwili wakijiandikisha pamoja, inafaa zaidi. Wanaweza kupitia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii na kuomba wapimaji waje huku. Hatuwezi kuahidi kuwa watakuja, lakini watu kumi wanaoomba kwa barua moja husikika kuliko mtu mmoja anayelalamika barazani.

VYUO VINGINE

Mtu anayetaka kuanza ufundi mpya anaweza kwenda katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Vyuo hivi vilianza mwaka 1975, kwa mfano wa vyuo vya watu wazima vya Sweden. Huko darasa la saba si kikwazo, wala umri si aibu. Kilicho jirani nasi upande wa bara ni kile cha Ikwiriri, Rufiji. Kiko pia cha Kisarawe, na kingine Kibaha. Hufundisha useremala, uashi, ushonaji, kilimo, umeme wa majumbani na mengineyo, na yako mafunzo ya muda mfupi kwa mtu mwenye familia.

Kwa watu wa bahari kuna Mbegani, Bagamoyo, chuo cha Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi. Na Dar es Salaam kuna Chuo cha Bahari, kwa wanaotaka kazi za vyombo vya majini. Askari aliyekuwa katika kikosi cha wanamaji asisahau mlango huu.

Chuo kikuu je? Wako wastaafu waliomaliza kidato cha nne au cha sita na wanataka shahada. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kwa ajili ya watu wasioweza kuacha kazi na nyumba zao. Mwanafunzi husoma akiwa kwake, na kituo chake cha mkoa humsimamia. Asiye na sifa za kuingia moja kwa moja anaweza kusoma kwanza masomo ya msingi ya mwaka mmoja. Na kama mtu hakumaliza sekondari, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima inafundisha sekondari kwa njia ya ana kwa ana na ya masafa. Huo ndio mlango wetu sisi. Tuulizeni.

Vijana wa JKT tuwataje kwa ufupi. Wako wanaojitolea kwa miaka miwili, wakajifunza kilimo, ujenzi au ushonaji, kisha wakakosa ajira ya jeshi na kurudi nyumbani wameinamisha vichwa. Kijiji huwacheka. Hili ni kosa. Kijana aliyelima mamia ya ekari kwa nidhamu anastahili kuombwa ushauri. Njia ya VETA ni yake pia, na mikopo ya halmashauri ni yake pia. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ile sehemu ya mwisho inamhusu pia askari aliyepoteza mguu, jicho au mkono.

SASA TURUDI KWENYE MFUKO

Katika kazi yetu tumeona kuwa mambo mengi hukwama katika karatasi. Kwa hiyo hapa tutakaa kidogo.

Karatasi ya kwanza ni ile ya kumaliza utumishi jeshini. Ina jina, cheo, mwaka wa kuingia, mwaka wa kutoka, na namba ya jeshi. Namba hiyo kwa askari huanza na herufi MT, na kwa afisa huanza na P. Namba hiyo haifutiki hata mtu akiwa amestaafu miaka 30. Askari wengi wanaikumbuka kuliko siku ya kuzaliwa mtoto wao wa kwanza. Iandike mahali pengine pia. Mwambie mkeo au mumeo na mtoto mkubwa.

Karatasi ya pili ni kitambulisho cha taifa. Na hapa ndipo tatizo kubwa linapozaliwa. Jeshini mtu aliandikwa jina lake na la baba. Alipoandikishwa kitambulisho akaongeza la babu. Benki wakaandika herufi moja tofauti, R mahali pa L. Kwa ofisi, hao ni watu watatu. Wewe unajua ni mtu mmoja, jirani zako wanajua, hata mbuzi wake wanajua, lakini kompyuta haijui. Dawa yake ni hati ya kiapo ya kueleza kuwa majina hayo yote ni ya mtu mmoja. Huapwa mbele ya wakili au hakimu. Fanya hilo mapema, kabla hujaugua, kabla hujahitaji fedha kwa haraka.

Karatasi ikipotea, ikilowa baharini au ikiliwa na mchwa, nenda polisi ukaandikishe taarifa ya upotevu. Kisha mwone Mshauri wa Mgambo wa Wilaya. Kila wilaya ina mshauri huyo, naye ni mwanajeshi. Yeye ndiye jeshi lililo karibu nasi hapa Mafia. Askari mstaafu asiyejua pa kuanzia, aanze kwake. Barua inayopita kwa Mshauri wa Mgambo ikiwa na namba ya MT inajua njia ya kufika makao makuu ya jeshi kuliko barua iliyopigwa stempu na kuombewa dua.

Viko pia vyama vya wenyewe. Tanzania Legion ni chama cha zamani cha askari waliopigana vita, tangu wale wa Keya. Na uko Muungano wa Wanajeshi Wastaafu Tanzania, unaoitwa kwa kifupi MUWAWATA. Viongozi wake huzijua njia za maofisini kwa sababu walikwisha kuzipita wenyewe.

Jambo la pensheni: wastaafu wa jeshi hulipwa na Hazina. Hazina hufanya uhakiki mara kwa mara, yaani mstaafu hutakiwa ajitokeze na karatasi zake aonekane kuwa yu hai na ni yeye. Tangazo hutoka redioni na magazetini. Asiyejitokeza, malipo yake husimamishwa. Husimama kwa sababu hakuonekana, si kwa sababu amekosa. Hapo ndipo msomaji wa gazeti anapookoa nyumba ya jirani. Ukisikia au kusoma neno "uhakiki wa wastaafu", usikae nalo. Vaa viatu uende kwa jirani.

Mgambo aliyepigana Kagera na kurudi shambani, mambo yake hayafanani na ya askari wa kuajiriwa. Asidanganywe. Lakini yeye ni mzee, na wazee wana haki zao. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza anatakiwa kutibiwa bila malipo katika zahanati, vituo vya afya na hospitali za serikali, na halmashauri hutoa vitambulisho vya matibabu kwa ajili hiyo. Mwenyekiti wa kijiji na Afisa Ustawi wa Jamii ndio wa kuulizwa. Kama nyumba yake ni maskini sana, iulizwe pia habari ya TASAF.

MJANE WA ASKARI

Mama mmoja alikuja darasani kwetu kujifunza kuandika jina lake. Tulimwuliza kwa nini ameamua sasa, akiwa na wajukuu. Akasema, "Mume wangu alikuwa askari. Alipokufa nilipewa karatasi nitie dole gumba. Nikatia. Mpaka leo sijui niliweka dole gumba kwenye nini."

Mafia si peke yake. Desemba 7, 2017, askari wetu wa kulinda amani walishambuliwa huko Semuliki, mashariki ya Kongo, na zaidi ya kumi wakauawa. Jeshi huwaleta marehemu nyumbani kwa heshima, bendera juu ya jeneza. Baada ya bendera kukunjwa, mjane hubaki na karatasi.

Mjane anahitaji cheti cha ndoa, cheti cha kifo kutoka RITA, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Familia hukutana kwanza, huandika muhtasari wa kikao na kumchagua msimamizi. Kisha huenda Mahakama ya Mwanzo. Tunasisitiza: mjane awepo katika kikao hicho, na asomewe kilichoandikwa kabla ya kutia sahihi. Msimamizi wa mirathi si mwenye mali. Ni mtu aliyepewa kazi ya kukusanya na kugawa, na mahakama inaweza kumwuliza hesabu. Shemeji wengine hawapendi tuseme hivi. Tunasema.

Wengi wetu hapa kisiwani tulifunga ndoa kwa sheikh, na cheti hakikufuatwa. Kama nyote wawili mko hai na mnasoma makala hii, kifuatilieni wiki hii.

MAUMIVU YASIYOONEKANA

Liko jambo jingine ambalo si la karatasi. Wako watu waliorudi vitani wazima wa mwili, lakini usiku hupiga kelele. Wengine hawawezi kusikia fataki za harusi. Wengine hunywa mpaka wasahau. Kijijini tunasema ana shetani, au tunasema ni mkorofi. Madaktari wanasema vita yaweza kumwachia mtu kiwewe kinachokaa miaka mingi, na kwamba kina tiba. Tiba yenyewe ni mazungumzo na mtaalamu, mara nyingine pamoja na dawa. Anayetaka kisomo na dua asikatazwe, lakini hospitali ya wilaya isiachwe. Daktari wa hapo akiona haja atampeleka kwenye hospitali kubwa zaidi. Mkewe ndiye mara nyingi anayejua kwanza. Amsindikize.

JIHADHARI NA WATU HAWA

Kila mara habari za wastaafu zikitajwa redioni, hujitokeza watu wenye mikoba. Husema, "Mzee, kuna fidia ya vita imetoka. Toa elfu hamsini ya fomu, mimi nitakufuatilia." Huchukua fedha, huchukua na karatasi halisi. Ndugu, karatasi halisi haiachwi mkononi mwa mtu. Toa nakala. Nakala ipigwe muhuri wa uthibitisho kwa wakili au hakimu, nyaraka halisi irudi mfukoni mwako siku ile ile. Usimtajie mtu namba ya siri ya benki wala ya simu, hata akiwa amevaa suti. Mtu akidai kuwa ametumwa na jeshi, nenda naye kwa Mshauri wa Mgambo. Kama ni mwongo, hatafika. Atakumbuka njiani kuwa ana dharura.

KOPLO WETU

Tulikaa na mzee wetu saa mbili chini ya mwembe. Binti yake, aliyehitimu kisomo mwaka jana, ndiye aliyeandika. Sisi tulisoma kwa sauti, yeye akaandika, mzee akasahihisha. Waliandika barua mbili. Ya kwanza ilikwenda katika ofisi ile ya barua ya miaka minne, kueleza kilichotokea na kuuliza kama bado shauri lake linasikilizwa. Ya pili ilikwenda VETA Kibaha, kuomba kupimwa ufundi magari. Karatasi za zamani zilipigwa nakala Kilindoni. Zile halisi zimewekwa katika bati la biskuti lenye mfuniko, juu ya kabati, mbali na mchwa.

Ofisi ile haijajibu wakati tunaandika haya. VETA walijibu. Walituma fomu. Kwenye fomu palikuwa na swali: "Umefanya kazi hii kwa muda gani?" Binti akamsomea baba yake. Mzee akahesabu vidole, akaanza na Msumbiji, akapita kambi zote, akafika kwenye mwembe. Kisha akaiomba kalamu, akavaa miwani aliyoazima kwa jirani, akaandika mwenyewe, polepole: miaka 40.